Foni imekufa, lakini chuma kingali kizima



Mwezi huu tutaongea juu ya foni. Vijana watauliza: foni ni telefone? Hapana. Foni ni ile redio kubwa ya kusema na kuitika, yenye mikro na waya mrefu juu ya miti miwili, ile ambayo wazazi wenu walikuwa wanaijua vizuri. Kabla telefone za mkononi hazijaenea katika miaka ya 2000, mtu wa komini ya Kenya ao Katuba akitaka kujua kama mama yake wa Kapanga ao Manono yuko mzima, alikwenda kwenye nyumba ya foni. Ilikuwa kwa mfanyabiashara ao misioni. Unalipa feza kidogo, unangoja zamu, unasema habari zako za nyumbani mbele ya watu wote, na njiani kila mwenye foni nyingine anasikia pia. Hakukuwa siri. Lakini habari ilifika.

Wengi wanafikiri kama foni ilikwisha zamani. Mwenye kufikiri hivyo hajatoka katika njia ya kaburimbo. Acha Kolwezi uende upande wa Sandoa na Kapanga, ao acha Likasi uende Mitwaba: kisha masaa machache telefone yako ni saa ya kuangalia tu. Kule, lupitalo ndogo, masomo na misioni vingali vinahitaji foni. Na juu ya ile foni kuko shida moja mpya, na watu wa kule wananiambia mara nyingi wanapokuja mjini.

Shida yenyewe ni hii. Mashini ni nzima. Haikuanguka, haikuungua, batri iko na nguvu. Lakini walipewa masafa mengine ya kusemea, na mashini haikubali kubadilishwa kwa kidole. Inataka programu ya kompyuta. Ile programu inaitika tu kwenye kompyuta ya zamani sana, yenye tundu la meno tisa nyuma, na kwa kable ambayo muuzaji mmoja tu alikuwa nayo. Mfanyakazi wa kituo kimoja aliniambia hivi: "Pasta, foni iko muzima, ni kompyuta njo ilikufa." Muuzaji aliwajibu wanunue mashini mpya. Dola elfu na zaidi! Kituo chenyewe kinauzisha mahindi kusudi kipate sabuni.

Kwa hiyo nataka tuangalie kazi ambayo amatere wa redio wamefanya katika hii miaka. Amatere ni watu wenye ruhusa ya Leta ya kusema kwa redio bila biashara, kwa kujifunza na kwa kupenda. Wako Ulaya, Marekani, Japani, Afrika ya Kusini, na hata hapa Kongo alama yao inaanza na 9Q. Hao watu hawakupenda kuwa watumwa wa kable ya muuzaji mmoja. Walianza kutengeneza redio za namna nyingine, zenye chuma kidogo na programu nyingi.

Redio ya programu ni nini?

Redio ya zamani iko sawa jiko la mama mwenye vichungi vingi. Kichungi cha unga wa mahindi, kingine cha muhogo, kingine cha chai. Ndani ya foni ya zamani muna vichungi vya kweli: vipande vya kioo cha kwarzi vilivyokatwa kwa kipimo, na waya za shaba zilizoviringwa. Kila kichungi kinafanya kazi moja. Ukitaka kazi nyingine, ununue kichungi kingine.

Redio ya programu inafanya hivi: wimbi likishuka kutoka antena, kipande kimoja cha elektroniki kinalipima haraka sana, mara mamilioni kwa sekunde moja, na kila kipimo kinakuwa namba. Kisha hapo si wimbi tena, ni hesabu. Kompyuta ndiyo inachuja kwa kuhesabu. Ukitaka kichungi kipana kwa sauti ya mtu, unabadilisha namba. Ukitaka chembamba kwa alama za Morse, unabadilisha namba. Hakuna kufungua mashini na kuyeyusha risasi.

Mawazo haya si ya leo. Mwaka 1991 mhandisi mmoja wa Marekani, Joseph Mitola, alianza kuyaita "redio ya programu". Zamani zile yalikuwa mambo ya askari na makampuni makubwa. Mwaka 2001 Eric Blossom alianzisha GNU Radio, programu ya bure ambayo kila mtu anaweza kuisoma ndani na kuibadilisha. Halafu mwaka 2012 kukatokea jambo la kuchekesha. Kulikuwa vijiti vidogo vya USB vya kutazamia televisheni kwenye kompyuta, vya bei ya dola 20 hivi. Watu wakavumbua kama kipande kilicho ndani, RTL2832U, kinaweza kutoa namba za wimbi lolote, si televisheni tu. Kijiti cha kutazamia mpira kikawa redio ya kusikiliza kutoka megahertzi 24 mpaka karibu 1,700!

Lakini ndugu, tusidanganyane. Kile kijiti kinasikia, hakisemi. Tena kiko na masikio dhaifu. Kinapima wimbi kwa ngazi 256 tu. Hapa Lubumbashi, ambako redio za FM ni nyingi na antena zao ziko katikati ya mji, zile FM zinakipigia kelele mpaka hakisikii sauti ndogo ya mbali. Ni sawa mtu anayetaka kusikia mtoto analia mtaa wa pili wakati fanfare inapita mbele ya mlango.

Na kuko joto. Kila redio iko na saa yake ya ndani, kipande cha kwarzi chenye kutetemeka. Saa ya bei rahisi inaweza kukosea mara 50 katika milioni. Hesabu mwenyewe: kwenye megahertzi 7, hiyo ni hertzi 350. Kwa sauti ya foni, hertzi 350 zinatosha kumfanya mzee wa kanisa aseme sawa bata. Na jua la mwezi wa 10 likiingia ndani ya boite nyeusi ya plastiki, saa inazidi kutembea.

Hapo ndipo kazi ya kuboresha chuma ilianzia, na ni kazi nzuri kuangalia. Kwanza waliweka saa yenye kujirekebisha kwa joto, yenye kukosea mara moja tu katika milioni. Zile hertzi 350 zikawa 7, na sikio halizitambui. Wakaacha plastiki, wakafunga kila kitu ndani ya boite ya aluminiamu, ambayo inatoa joto na kuzuia kelele za kompyuta. Wakaongeza kichungi cha kweli cha kufunga FM, megahertzi 88 mpaka 108. Ndiyo, kichungi cha kweli kilirudi! Wale waliosema programu itafanya kila kitu walijifunza kama mlango wa nyumba ungali unahitaji komeo ya chuma. Hesabu haiwezi kuponya namba ambazo zilikuja zimeharibika.

Wengine walitafuta kipande chenye ngazi nyingi zaidi. Redio moja inayoitwa Hermes-Lite iko na kipande AD9866, ambacho viwanda vilikitengeneza kwa modemu za intaneti. Kinapima kwa ngazi 4,096, na kwa kuwa kilikuwa kitu cha viwanda bei yake haikuwa kali. Wenye kuitengeneza walitoa michoro yote bure, kusudi fundi wa inchi yoyote aweze kuagiza ile sahani ya elektroniki na kujengea kwake. Hii redio inasikia na kusema pia, wati 5.

Ile ya mfukoni

Ile inayonishangaza zaidi ni ndogo kuliko hiyo. Inaitwa uSDX. Mholanzi mmoja, amatere Guido ten Dolle, alitoa programu ya kugeuza redio ndogo ya Morse kuwa redio ya sauti. Akili yake yote ni kipande ATmega328P, kilekile ambacho wanafunzi wanakipata kwenye sahani ya kujifunzia ya Arduino. Kumbukumbu yake ya kazi ni kilobaiti 2 tu! Picha moja ya harusi kwenye telefone yako haiwezi kuingia humo hata ukucha wake. Na bado anachuja sauti, anahesabu wimbi, anasema. Kisha akashirikiana na Mjerumani mmoja, na mwaka 2022 wakatoa mashini nyingine ya masafa matano inayoingia mfukoni mwa koti.

Angalia juu ya batri, maana kwetu ni batri inayoamua. Foni ya zamani ya wati 100 inakunywa karibu ampere 20 wakati unasema kwa nguvu. Batri ya gari inachoka haraka, na sahani ya jua lazima iwe kubwa. Mashini ndogo ya wati 5 ya namna hii inakunywa karibu nusu ya ampere tu, kwa kuwa transista zake za mwisho zinafungua na kufunga sawa swichi, hazibaki nusu wazi zikichoma moto bure. Batri ya pikipiki inatosha. Sahani ya jua ya kuwashia taa mbili inatosha.

Mtu atasema: wati 5 si kitu mbele ya wati 100. Si kweli kabisa. Kwenye saa ya kupima nguvu ya yule anayesikia, tofauti ni alama mbili na kidogo. Siku ambayo anga iko nzuri, sauti inapita. Siku ambayo haipiti, programu inaweza kusaidia kwa njia nyingine, yaani maandishi. Joe Taylor, yule mwalimu wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1993, alitoa mwaka 2017 pamoja na mwenzake namna ya kutuma inayoitwa FT8. Kila sekunde 15 inatumwa habari fupi sana, na kompyuta inaisoma hata pale sikio la mtu linasikia upepo tu. Na kwa kuwa programu ilikuwa wazi, mwaka 2018 mwingine, Jordan Sherer, akaichukua na kutengeneza JS8Call: hapo mnaandikiana maneno ya kawaida, na mashini inaweza kumwekea habari mtu ambaye hayuko.

Mimi, kwa maoni yangu, singependa kituo cha porini kitupe foni yake ya wati 100 na kununua hii ndogo. Sauti yake iko kavu, na masikio yake yanachoka pale kelele ni nyingi. Lakini ikae kwenye kabati pembeni ya ile kubwa, ao iende pamoja na infirmie kwenye pikipiki wakati anatembelea vijiji. Hiyo ni kazi ambayo foni ya zamani haikuweza.

Programu yenye kuhama

Sasa turudi kwa yule ndugu wa kompyuta iliyokufa. Shida yake haikuwa chuma. Programu yake ilifungwa kwa mashini moja sawa mbuzi kwa mti. Mti ukianguka, mbuzi anakufa naye.

Amatere walitafuta kufungua ile kamba, na dawa waliyopata ni mkalimani. Kuko programu ya katikati inayoitwa Hamlib, na nyingine inayoitwa SoapySDR. Programu ya juu inasema tu: "Nenda megahertzi 7 na 100." Mkalimani ndiye anajua kama redio hii inasema kijapani na ile inasema kichina. Redio ikiharibika, unaunga nyingine, unamwambia mkalimani jina lake, na programu yako inaendelea sawa jana. Kompyuta ikifa, unahamisha programu kwa kompyuta nyingine, iwe ya Windows, iwe ya Linux, ao ile kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye kukaa kwenye kiganja na kula volti 5 tu. Si kila programu inahama vizuri. Ile iliyoandikwa kwa haraka, yenye kugusa chuma moja kwa moja bila mkalimani, inabaki pale ilipozaliwa.

Kwa hiyo, wazee wa kanisa na mama wa komite mnaokusanya feza ya kununua redio, msiulize muuzaji wati ngapi na kilometre ngapi tu. Mwambieni aunge redio kwa kompyuta ambayo si yake, mbele ya macho yenu. Muulize kama programu inaweza kuwekwa kwenye kompyuta nyingine bila kumlipa tena. Mwombe mchoro wa ndani. Akisema mchoro ni siri, basi fundi wenu wa Likasi atafungua ile mashini siku moja sawa kipofu. Na muangalie kama kable inapatikana sokoni, ao ni yake peke yake. Mimi ningechagua redio ya wati 20 yenye mchoro na programu wazi mbele ya redio ya wati 100 yenye siri.

Mtu asifikiri kama haya ni michezo ya wenye elimu. Kule Uganda, katika wilaya ya Iganga, mwaka 1996 walianza mpango, kwa msaada wa UNFPA, wa kuwapa redio wakunga wa vijiji, vituo vya afya na gari la wagonjwa, kusudi mama mwenye uzazi mgumu achukuliwe haraka. Redio zile zilikuwa za kawaida. Kazi yao ilikuwa kufupisha ile saa kati ya mkunga kusema "hii imenishinda" na gari kuwasha moto. Ile saa iko pia Mitwaba. Foni iliyonyamaza juu ya kable ya meno tisa inaiongeza.

Neno juu ya Leta

Kuwa na redio si kuwa na ruhusa. Hapa kwetu ni ARPTC inayoangalia mawimbi, na sheria ya mawasiliano ya tarehe 25 mwezi wa 11, 2020, inamhusu kila mtu, hata misioni. Masafa ya amatere, mfano megahertzi 7.0 mpaka 7.2, ni ya amatere mwenye karatasi. Si ya kuagizia cement wala kuuliza bei ya shaba. Foni ya lupitalo iko na karatasi yake na masafa yake. Redio ya programu inaweza kusemea popote, na hapo ndipo hatari inakaa: mtu anagusa namba moja, na tayari yuko kwenye masafa ya ndege. Tena katika inchi ambayo imeona vita, askari akiona waya mrefu juu ya muembe hatauliza kwanza kama ni wa maombi. Karatasi ikae karibu na mashini, si kwa Pasta mjini.

Na ule waya? Shaba, tunayo. Kila siku inapita mbele yetu juu ya kamioni kuelekea Kasumbalesa, na sehemu yake inarudi ndani ya redio hizihizi. Kwa antena ya kawaida, gawanya 143 kwa megahertzi: kwa 7.1 unapata metre 20 na kidogo, unaukata katikati, kila upande metre 10. Kama unataka kusema na watu wa kilometre 100 mpaka 400, mfano Lubumbashi na Kolwezi, usiupandishe sana. Metre 5 ao 6 juu ya udongo inatosha, wimbi litapanda juu na kushuka karibu. Kwa usiku shuka masafa ya chini, na hapo waya unakuwa mrefu zaidi. Wenye kukaa karibu na wanunuzi wa vyuma, tieni waya wa chuma cha mabati. Utasikia vibaya kidogo, lakini asubuhi utaukuta.

Mvua iko karibu kuanza, na Kongo ni kati ya inchi zenye kupigwa na radi zaidi duniani. Mawingu yakikusanyika, ondoeni antena kwenye mashini na kuitupa nje ya dirisha, mbali na kompyuta, tena mbele ya radi ya kwanza. Mwezi kesho tutaongea juu ya batri za jua, na kwa nini ile inayofaa zaidi kwa redio haina hata punje ya cobalt yetu ndani.